Kusitiri na Kuficha: Lugha ya Siri ya Familia katika Filamu ya Shadow of a Doubt

Ikisiri

Makala haya yanahakiki filamu ya Shadow of a Doubt (1943) iliyoongozwa na Alfred Hitchcock. Filamu hii imezoeleka kusomwa kwa njia mbili: ama kama kisa cha uovu unaoingia kutoka nje katika mji mtulivu, ama kama kisa cha watu wawili walio sura mbili za nafsi moja. Makala yanajenga hoja kwamba kiini cha taharuki ya filamu ni matumizi ya lugha. Siri ya familia ya Newton haidumu kwa sababu watu hawajui. Inadumu kwa sababu mazungumzo yao ya kila siku yana njia za kuipa hifadhi. Kwa kutumia tofauti ya kisemantiki na kisarufi iliyopo katika Kiswahili kati ya vitenzi kusitiri na kuficha, pamoja na kanuni za pragmatiki, makala yanaonesha namna ukimya unaoanza kwa nia ya kumlinda mama unavyogeuka kuwa kinga ya muuaji, na namna wahanga wanavyokosa nafasi katika lugha ya nyumba hiyo.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii ingetosha kuwa muhtasari wa filamu ya Shadow of a Doubt lau isingemtazama mliwa peke yake. Haielezi nguo inafanya kazi gani. Mdudu hukaa nguoni kwa sababu nguo inamhifadhi; na nguo hiyo hiyo ndiyo inayomstahi mvaaji mbele za watu, hata hawezi kuivua hadharani ili amsake mdudu bila kujiaibisha. Tatizo la familia ya Newton katika filamu hii ni tatizo la mvaaji huyo.

Kisa ni chepesi kusimulia. Charles Oakley, mwanamume mtanashati mwenye fedha nyingi zisizoelezeka, anawakwepa wapelelezi wawili katika mji wa mashariki ya Marekani na kwenda kwa dada yake, Emma Newton, katika mji mdogo wa Santa Rosa, California. Huko anapokewa kwa shangwe, hasa na binti mkubwa wa Emma ambaye amepewa jina lake, Charlie. Polepole binti huyo anatambua kwamba mjomba anayemhusudu ni muuaji wa wajane matajiri, ambaye magazeti yamemwita muuaji wa Mjane Mchangamfu, kutokana na jina la opereta ya Franz Lehár iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1905. Mjomba naye anatambua kwamba mpwa wake amejua. Anajaribu kumuua mara mbili pale nyumbani, na mara ya tatu ndani ya treni, ambako anaanguka yeye mwenyewe mbele ya treni nyingine. Mji unamzika kwa heshima zote, na ukweli unabaki kwa Charlie na mpelelezi Jack Graham. Katika makala haya mjomba ataitwa Charles na mpwa ataitwa Charlie, ingawa ugumu wa kuwatenganisha kwa majina ni sehemu ya maana ya filamu yenyewe.

Mtazamaji humshuku Charles tangu onesho la kwanza. Anamwona amejilaza kitandani mchana na suti yake mwilini, noti zimetapakaa hadi sakafuni, na mwenye nyumba anaposhusha pazia la dirisha kivuli kinamfunika usoni. Kwa hiyo taharuki ya filamu haitokani na swali la nani ameua. Inatokana na swali jingine: watu wa nyumba ile wataendelea hadi lini kuzungumza kana kwamba hakuna kitu? Swali hilo ni la lugha, na ndilo linaloongoza makala haya.

2.0 Filamu na Utungaji Wake

Hitchcock, Mwingereza aliyehamia Marekani mwaka 1939, aliitengeneza filamu hii kwa kampuni ya Universal. Wazo la hadithi lilikuwa la Gordon McDonell, na lilipendekezwa kuwania tuzo ya Oscar katika kipengele cha hadithi. Muswada uliandikwa na Thornton Wilder, Sally Benson, na Alma Reville, mke wa Hitchcock. Uteuzi wa Wilder una maana kubwa. Miaka michache kabla, mwaka 1938, tamthiliya yake ya Our Town ilikuwa imewafundisha Wamarekani kuutazama mji mdogo kama mahali ambapo maisha ya kawaida yana uzito wa ibada. Hitchcock alimwajiri bingwa wa mji mdogo ili amwingize ndani yake muuaji.

Sehemu kubwa ya picha za nje zilipigwa Santa Rosa kwenyewe mwaka 1942, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika Hollywood ya wakati huo, ambako barabara na nyumba zilizoea kujengwa ndani ya studio. Mtazamaji anaiona stesheni halisi, mtaa halisi wenye miti, na askari wa barabarani anayewajua wapita njia. Teresa Wright aliigiza Charlie, Joseph Cotten akaigiza Charles, na Patricia Collinge akaigiza Emma. Henry Travers aliigiza baba, Joseph Newton, mfanyakazi wa benki, na Hume Cronyn akaigiza jirani yao Herbie. Mwaka 1991 filamu iliingizwa katika orodha ya taifa ya Marekani ya filamu zinazostahili kuhifadhiwa.

Uhakiki wa filamu hii umetawaliwa na mambo mawili. Kwanza ni ule moshi mweusi mzito unaotanda juu ya stesheni treni ya Charles inapowasili, ambao hufasiriwa kuwa ishara ya uovu unaoingia katika mji safi. Pili ni uwili. Éric Rohmer na Claude Chabrol, katika kitabu chao kuhusu Hitchcock cha mwaka 1957, walionesha jinsi filamu ilivyojengwa juu ya jozi: akina Charlie wawili, wapelelezi wawili, maonesho mawili ya kitandani yanayofanana. Fasiri zote mbili zina ushahidi. Hata hivyo, fasiri ya moshi inaiondolea familia dhima yake, kwa kuwa uovu umekuja kwa treni na kwa treni umeondoka. Fasiri ya uwili nayo inawatazama watu wawili na kuwasahau wengine waliokaa pamoja nao mezani. Makala haya yanarejea kwenye meza hiyo.

3.0 Vitenzi Viwili vya Siri

Kiswahili kina vitenzi kadhaa vya kueleza tendo la kuzuia jambo lisijulikane. Viwili kati yake vinafaa kutenganishwa hapa: kuficha na kusitiri. Kamusi huviweka karibu, na katika mazungumzo kimoja huweza kusimama mahali pa kingine. Lakini tabia zao za kisarufi na thamani zao za kimaadili zinatofautiana.

Kuficha hakuna hukumu ya kimaadili ndani yake. Mtu huficha fedha, huficha silaha, huficha machozi. Kusitiri, kitenzi chenye asili ya Kiarabu, kina wazo la kufunika kwa ajili ya heshima. Nguo husitiri mwili. Jirani mwema husitiri aibu ya mwenzake. Waombao humwomba Mungu awasitiri. Hata kumzika marehemu huitwa kumsitiri. Tofauti hii inajitokeza pia katika unyambulishaji. Kuficha kuna kinyume chake cha kutendua, yaani kufichua, na anayefichua anaweza kusifiwa. Kusitiri hakuna kinyume cha namna hiyo. Anayeondoa sitara husemwa kwa vitenzi vingine: ameumbua, ameaibisha, amefedhehesha. Kwa maneno mengine, lugha inaruhusu kilichofichwa kifichuliwe kwa haki, lakini inamtuhumu mapema yeyote atakayekigusa kilichositiriwa.

Tofauti ya pili inahusu kiambishi cha mtendwa. Anayesema "nisitiri" anaomba alindwe. Anayesema "usinifiche" anaomba asidanganywe. Mtendwa wa kusitiri ni mnufaika. Mtendwa wa kuficha, katika matumizi haya, ni yule anayenyimwa habari. Kwa hiyo sentensi mbili, "amemsitiri mama yake" na "amemficha mama yake", zinaweza kueleza ukimya ule ule wa mtu yule yule kwa siku ile ile, na zikatoa hukumu mbili zinazopingana.

Inaweza kuhojiwa kama ni halali kuipima familia ya California kwa vitenzi vya Kiswahili. Jibu ni kwamba makala hayadai kuwa familia hiyo ina dhana ya sitara kama ilivyo katika jamii za Waswahili. Kinachodaiwa ni kwamba Kiswahili kinatenganisha kwa maneno mambo ambayo filamu inayatenganisha kwa matukio. Kwa sababu hiyo, vitenzi hivi vinamsaidia mhakiki kuona mahali ambapo jambo moja linageuka kuwa jingine.

4.0 Mjomba na Mpwa

Neno la Kiingereza analoitwa Charles katika filamu humtaja kaka wa baba na kaka wa mama bila kubagua, kama linavyofanya neno "anko" linalosikika siku hizi mijini kwetu. Kiswahili kinabagua: wa upande wa baba ni ami au baba mdogo, wa upande wa mama ni mjomba. Mfasiri wa filamu hii asingekuwa na hiari. Charles ni mjomba, na anafika katika nyumba hiyo kupitia kwa Emma pekee. Hana nasaba na Joseph. Kila heshima anayopewa anapewa kwa sababu dada yake anampenda. Ndiyo maana ufichuzi wowote wa Charles lazima umpitie Emma, na ndiyo maana Charlie, kila anapotaka kusema, anamwona mama yake kwanza.

Juu ya ujomba huo kuna usomo. Charlie amepewa jina la mjomba, na anaamini kwamba jina moja ni dalili ya nafsi moja. Anapopewa pete anamwambia kwamba wao wawili ni kama pacha, na kwamba anahisi ndani yake mna kitu cha ajabu na cha siri ambacho yeye atakigundua. Kejeli ya onesho hili ni kubwa, lakini jambo muhimu zaidi ni umbo la usemi. Charlie anaizungumzia siri kama zawadi. Katika lugha ya nyumba hiyo, kuwa na siri na mtu ni kuwa karibu naye.

Ukaribu huo unatangulizwa na simu ya maandishi. Kabla ya ujio wa Charles, Charlie amejilaza kitandani akilalamika kwa baba yake kwamba familia imedumaa, kwamba mama anafanya kazi bila kupumzika, na kwamba hakuna anayezungumza jambo la maana. Anaamua kumpelekea mjomba simu ya kumwita. Anapofika ofisini anakuta simu ya mjomba imeshafika, kisha anamuuliza mhudumu kama anaamini kwamba mawazo yanaweza kusafiri kati ya watu bila chombo. Mhudumu anaelewa kwamba anaulizwa kuhusu simu anazozipeleka yeye kila siku. Onesho linachekesha, lakini limeweka msingi: Charlie anaamini kwamba mawasiliano bora ni yale yasiyohitaji maneno. Imani hiyo ndiyo itakayomfanya, baadaye, aelewane na muuaji kimyakimya.

5.0 Mezani: Ushirikiano Unaohifadhi Uongo

H. P. Grice, katika andiko lake la mwaka 1975 kuhusu mantiki ya mazungumzo, alieleza kwamba wazungumzaji huongozwa na Kanuni ya Ushirikiano: kila mmoja hutarajia mwenzake aseme kweli, aseme vya kutosha, aseme yanayohusika, na aseme kwa uwazi. Panapotokea ukiukaji, msikilizaji hatafuti kosa. Hutafuta maana ambayo itamrejesha msemaji ndani ya ushirikiano. Tabia hii ndiyo inayowezesha mazungumzo ya watu waungwana. Filamu inaonesha kwamba tabia hiyo hiyo ndiyo makazi bora ya mwongo.

Chakula cha jioni cha kwanza kinatosha kuwa mfano. Charlie anaimba kwa kuguna muziki wa dansi ambao umemganda kichwani bila kujua umetoka wapi. Walio mezani wanajaribu kuutaja jina. Charles anatoa jina la wimbo mwingine. Charlie anakataa, na anapokaribia kutamka jina sahihi, yaani Mjane Mchangamfu, mjomba anaangusha glasi. Watu wanahangaikia kilichomwagika, na mada inafungwa. Charles amefanya mambo mawili: amesema uongo, kisha amefanya ajali ndogo. Lakini aliyeifunga mada si yeye peke yake. Adabu ya mezani inadai kwamba kilichomwagika kishughulikiwe na aliyemwaga asione haya. Familia nzima inamsaidia bila kujua, kwa kuwa watu wema.

Usiku ule ule anachana kurasa za gazeti la shemeji yake kwa kisingizio cha kuwatengenezea watoto nyumba ya karatasi. Nyumba iliyojengwa kwa habari iliyofichwa ni taswira isiyohitaji maelezo marefu. Charlie anagundua kwamba kuna ukurasa umeondolewa, na anamwendea mjomba kwa mzaha wa mpwa aliyeshika siri. Anapouchomoa ukurasa kwenye mfuko wa koti, Charles anamkamata kifundo cha mkono kwa nguvu hata anaumia. Kisha anaomba radhi na kudai kwamba habari ile ilimhusu mtu aliyemfahamu zamani. Charlie anapokea maelezo hayo. Kwa mujibu wa Grice, alichofanya ni kazi ya kawaida ya msikilizaji: amemtafutia msemaji maana itakayomrudisha katika ushirikiano.

Mifano inayofuata inapanua hali hii hadi nyumba nzima. Joseph na Herbie wana mchezo wa kila siku wa kubuni namna ya kuuana bila kugundulika. Mauaji yana rejista yake katika nyumba hiyo, nayo ni rejista ya mchezo. Charlie anapopandwa na hasira na kuwakemea, baba anashangaa, kwa kuwa kwao hayo ni mapumziko. Kwa hiyo mauaji halisi yanapoingia ndani hayakuti neno la kuyapokea. Neno limeshatumika kwa burudani.

Wapelelezi nao wanaingia kwa uongo. Wanajitambulisha kama watafiti wa kitaifa wanaochunguza familia ya kawaida ya Kimarekani. Mmoja wao anataka kumpiga picha Emma akitengeneza keki, na anamtaka aanze kwa kupasua yai. Emma anagoma. Keki, anaeleza, haianzi kwa yai. Mtazamaji hucheka, lakini hilo ni moja ya maonesho machache ambamo mtu wa nyumba hiyo anakataa uongo waziwazi. Emma ana uaminifu usioyumba katika mambo ya jikoni, ambayo ndiyo mambo pekee aliyoachiwa ayasemee.

Kilele cha mazungumzo ya mezani ni hotuba ya Charles kuhusu wajane wa mijini. Kwa sauti ya chini anawaeleza kama viumbe wavivu na walafi wanaotumia fedha za waume waliokufa kwa kazi. Kamera inamsogelea taratibu hadi uso wake unajaza picha. Charlie, ambaye haonekani wakati huo, anapaza sauti kwamba wanawake hao ni watu na wana uhai. Charles anageuka na kuitazama kamera yenyewe, na kuuliza kama kweli ni watu. Emma anajibu kwa kumwonya kaka yake asithubutu kusema hayo mbele ya wanawake wa chama chake, ambao wamemwalika awahutubie. Jibu hilo linastahili kutazamwa kwa makini. Emma hajasema kwamba usemi ule ni wa uongo, wala hajasema ni wa ukatili. Amesema hadhira yake haifai. Amelihamisha suala kutoka kwenye maana hadi kwenye adabu. Huo ndio utaratibu wa kusitiri katika hatua yake ya kwanza: tamko la kutisha halikanushwi, linafunikwa.

6.0 Emma na Gharama ya Jina

Ingekuwa rahisi kumwona Emma kama mjinga wa kisa. Filamu hairuhusu. Yeye ndiye anayesimulia kwamba Charles, alipokuwa mtoto mpole wa kupenda vitabu, alipata ajali ya baiskeli akavunjika fuvu la kichwa, na kwamba alipopona hakuwa tena mtoto yule. Emma anaijua habari hiyo kuliko mtu yeyote. Anaisimulia kama kumbukumbu tamu, picha ya zamani ikipitishwa mkono kwa mkono. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, lakini katika nyumba hii kata imeusema mtungi mbele ya wote na hakuna aliyesikia kitu zaidi ya hadithi ya utotoni.

Sababu inafahamika mwishoni, Charles anapotangaza kwamba ataondoka. Emma analia mbele ya wageni. Anajaribu kueleza kwamba walikuwa karibu sana utotoni, kisha wakakua, na kwamba mwanamke akishaolewa husahau kwamba yeye ni yeye, kwa kuwa amekuwa mke wa mume wake. Kwa Emma, Charles si mgeni. Ni shahidi wa mwisho kwamba aliwahi kuwa mtu mwenye jina lake mwenyewe. Kumwambia Emma ukweli kuhusu Charles ni kumpokonya mtu huyo. Onesho hili linamfanya mtazamaji aelewe kwa nini Charlie ananyamaza, na linaifanya hukumu juu ya ukimya huo kuwa ngumu. Ni vigumu kusikiliza maneno ya Emma kisha kutaka aambiwe.

7.0 Wasio na Nafasi katika Sentensi

Baada ya kuambiwa na Graham kwamba anayetafutwa anaweza kuwa mjomba wake, Charlie anakimbilia maktaba inapokaribia kufungwa. Katika gazeti anakuta habari ya muuaji na jina la mhanga mmoja, mwigizaji wa zamani Thelma Schenley. Anaivua pete na kusoma herufi zilizochorwa ndani yake: ni zake, zimefuatwa na herufi za mume wake. Kamera inapanda juu hadi Charlie anabaki mdogo katikati ya ukumbi mtupu wenye kivuli kirefu. Herufi hizo ndizo maandishi pekee ya mhanga yanayofika Santa Rosa. Pete imekuwa ikisema jina la mwenyewe tangu siku ilipotolewa zawadi.

Yanayofuata ndiyo moyo wa hoja ya makala haya. Charles anamvuta Charlie hadi kwenye baa na kumweleza kwamba dunia ni zizi la nguruwe, na kwamba anayebomoa kuta za nyumba za watu ataona uchafu ndani yake. Mhudumu, msichana aliyesoma naye shule moja, anaiona pete na kusema angekuwa tayari kufa aipate. Charles anaomba siku chache. Charlie anampa, kwa sharti kwamba aondoke. Sharti hilo linatamkwa kwa uchungu wa kweli, na kila mtazamaji anamhurumia. Lakini maudhui yake ni haya: mtu anayeua wajane aende akaishi mahali pengine. Siku mshukiwa mwingine anapokufa huko mashariki kwa kukimbilia panga la ndege, na polisi kufunga jalada, Charlie anabaki kuwa mtu pekee katika nyumba ile anayejua. Bado anachotaka ni kwamba mjomba aondoke, na anatishia kumuua yeye mwenyewe asipoondoka.

Hapa tofauti ya vitenzi inatoa msaada. Charlie amemsitiri mama yake. Hilo ni kweli. Amemficha mama yake. Hilo nalo ni kweli. Sentensi zote mbili zina mtendwa mmoja, naye ni mama. Wajane hawamo. Hakuna kiambishi kinachowawakilisha, kwa kuwa hawamo katika familia, na sarufi ya sitara ina nafasi mbili tu: anayefunika na anayefunikwa. Anayedhurika kwa kufunikwa huko yupo nje ya kishazi.

Filamu inalionesha jambo hili kwa pete. Baada ya kunusurika ngazi iliyovunjwa makusudi na moshi wa gari gerejini, ambako Herbie ndiye aliyesikia na kuleta msaada, Charlie anajaribu kumpata Graham kwa simu bila mafanikio. Ndipo anapoitafuta pete chumbani mwa mjomba, anaivaa, na kushuka ngazi mbele ya wageni akiwa ameweka mkono wazi juu ya mhimili. Charles anaiona. Alikuwa ameinua glasi ili kutoa maneno ya heri. Anageuza usemi na kutangaza kwamba ataondoka kesho. Hakuna neno lililosemwa kati yao, na wageni hawajui kwamba kuna mazungumzo yamefanyika. Ni mawasiliano yale yale yasiyo na maneno ambayo Charlie aliyatamani mwanzoni. Onesho ni la ushindi, na limepangwa kwa ustadi mkubwa. Hata hivyo, pete iliyokuwa ushahidi wa kifo cha Thelma Schenley imegeuka kuwa chombo cha kumaliza mgogoro wa nyumbani. Na miongoni mwa wageni yupo Bibi Potter, mjane mwenye uwezo, ambaye asubuhi itakayofuata atakuwa ndani ya treni ile ile. Hitchcock haachi shaka juu ya mahali ambapo gharama ya sitara italipwa.

Inaweza kujibiwa kwamba Charlie ni msichana mdogo aliyebanwa na muuaji, na kwamba si haki kumdai ushujaa zaidi. Jibu hilo ni sahihi kwa mtu Charlie. Makala hayamhukumu yeye. Yanahoji lugha aliyolelewa nayo. Katika lugha hiyo yako maneno ya kumstahi mama, ya kumkaribisha mjomba, ya kuupamba mji. Halimo neno ambalo binti angeweza kulitamka mezani, likasikika kama ukweli badala ya utovu wa adabu. Mara moja tu alijaribu, aliposema kwamba wajane ni watu. Akajibiwa kwa mazungumzo kuhusu chama cha wanawake.

8.0 Hitimisho

Filamu inaishia nje ya kanisa. Ndani, mhubiri anamsifu Charles Oakley kama mwana mpendwa wa Santa Rosa. Nje wamesimama Charlie na Graham, watu wawili wanaojua. Graham anajaribu kumfariji kwa kusema kwamba dunia, mara kwa mara, huhitaji kuangaliwa kwa karibu. Maneno ya mhubiri yanaendelea kusikika juu ya mazungumzo yao hadi mwisho. Katika Kiswahili ingesemwa kwamba Charles anasitiriwa, na kitenzi hicho kingebeba maana zake mbili kwa pamoja: anazikwa, na aibu yake inafunikwa. Watakaofarijika ni Emma na mji wake. Walionyongwa hawatajwi katika ibada, wala hawakutajwa kwa majina mezani.

Makala haya yameonesha kwamba taharuki ya Shadow of a Doubt inatokana na adabu ya mazungumzo kuliko inavyotokana na vitisho, na kwamba siri ya familia ni tendo la lugha linalofanywa na watu wengi, baadhi yao bila kujua. Wahenga walitahadharisha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Filamu inaongeza tahadhari nyingine. Kifo kinaweza kuja na kisimuumbue mtu, na maradhi yakaendelea kuitwa jina zuri. Uhakiki wa kazi za sanaa zinazohusu familia, ziwe za Hollywood au za Kiswahili, hauna budi kuuliza zaidi ya nani anajua na nani hajui. Uulize pia ni nani anayefunikwa na lugha ya nyumba, na ni nani ambaye lugha hiyo haikumpa hata kiambishi.